Mti Hula Nini? Somo la Majani Huko Sherikat

Msomaji mpenzi, mtoto mdogo akikuuliza, "Mti hula nini?" utamjibu nini? Watu wazima wengi hujibu mara moja ya kuwa mti hula udongo. Jibu hilo ni la zamani sana. Wenye hekima wa Uyunani walilifundisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na hata leo utalisikia sokoni, shambani na katika madarasa yetu. Lakini si kweli. Katika makala haya nataka kueleza mti hupata wapi chakula chake, na jinsi nilivyojaribu kuwafunza jambo hilo watoto wa shule ya msingi huko Sherikat, ili mwenzangu yeyote atakayeombwa kuwafundisha wadogo apate mahali pa kuanzia.

Sherikat ni mtaa ulio ng'ambo ya mashariki ya mto Nile, karibu na Gumbo, kando ya barabara itokayo Juba kwenda Nimule na Uganda. Magari ya mizigo hupita hapo usiku na mchana, na wakazi wake wametoka pande nyingi. Katika darasa la tano nililopewa, wapo watoto wasemao Kibari, Kidinka, Kiacholi na Kimadi nyumbani. Wengine walizaliwa katika kambi za wakimbizi za Uganda, na wengine walikulia Kakuma, Kenya, wakarudi wakijua Kiswahili. Wote husikilizana kwa Kiarabu cha Juba. Mwalimu wao ni baba yangu mdogo, naye aliniomba nimsaidie kila Jumamosi asubuhi katika somo la sayansi, kwa kuwa mimi nasoma elimu ya viumbe katika shule ya sekondari.

Kitabu chao kina ukurasa mmoja tu juu ya jambo hili. Kinasema kwamba majani hutengeneza chakula kwa nuru ya jua, na kazi hiyo huitwa usanisinuru. Jina hilo si gumu ukilitazama vizuri: usanisi ni kuunganisha vitu mbalimbali kupata kitu kimoja kipya, na nuru ni mwanga. Lakini watoto walikuwa wamelikariri kama wimbo, na nilipowauliza tena mti hula nini, sauti zote zilijibu, "Udongo, ustaz!" Basi nikaona kwamba jina lipo, na maana haipo. Tukafunga kitabu kwanza.

Ushahidi wa majivu

Mtoto wa Sherikat anaweza kuwa hajapata kuona darubini, lakini mkaa anaujua. Kila asubuhi huamka akasaidia kuwasha jiko, na kila jioni hutupa majivu. Kwa hiyo nilianza na mkaa.

Tulichukua kopo moja la maziwa, tukalijaza mkaa mpaka juu, tukaumimina katika jiko na kuuwasha. Chai ya walimu ikapikwa juu yake. Mkaa ulipokwisha kuungua tukangoja upoe, tukakusanya majivu yote kwa uangalifu, tukayarudisha katika kopo lile lile. Yalikuwa vijiko vichache tu, hayakufunika vizuri hata kitako cha kopo.

Nikawauliza, "Mkaa huu ulikuwa nini hapo kwanza?" Wakajibu kwamba ulikuwa mti. "Na majivu haya je?" Wakanyamaza. Nikawaambia: majivu ndiyo sehemu ya mti iliyotoka udongoni. Ni madini ambayo mizizi iliyafyonza pamoja na maji, nayo hayaungui. Kama mti ungekuwa umejengwa kwa udongo, tungechoma kopo la mkaa tukapata kopo la majivu. Lakini tumepata vijiko vichache. Basi zile sehemu nyingine zote zimekwenda wapi?

Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Zimepanda juu, zimekuwa hewa." Akasema kweli. Mkaa unapoungua huungana na oksijeni, na kinachotoka ni hewa ambayo kwa Kiswahili tunaiita hewa ya ukaa. Huwezi kuiona wala kuinusa. Ndipo nikauliza swali la pili, ambalo ndilo moyo wa somo lote: "Kama mti ukiungua hurudi kuwa hewa, basi kabla ya kuwa mti ulikuwa nini?"

Darasa lilikaa kimya kwa muda. Kisha msichana mmoja akanyosha mkono, akasema polepole kama mtu anayeogopa kuchekwa: "Ulikuwa hewa?" Hapana aliyecheka.

Mti wa Van Helmont

Watoto wasidhani kwamba wao tu ndio waliosumbuka na swali hili. Nikawasimulia habari za mtu mmoja wa Brussels, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, jina lake Jan Baptist van Helmont. Yeye aliishi miaka 400 hivi iliyopita. Alichukua pipa, akatia ndani yake ratili 200 za udongo uliokaushwa, akapanda mti mdogo wenye uzito wa ratili 5. Akaufunika udongo ili vumbi lisiingie, akaumwagilia mti maji tu kwa miaka 5. Mwisho akaung'oa akaupima. Mti ulikuwa na uzito wa ratili 169 na zaidi. Akaukausha ule udongo akaupima tena, akakuta umepungua wakia 2 tu, uzito ambao mtoto huweza kuufumbata katika kiganja.

Habari hizo zilichapishwa mwaka 1648, baada ya kufa kwake. Van Helmont alikata shauri kwamba mti wote umetokana na maji peke yake. Hapo alikosea, kwa maana hakuifikiria hewa. Hata hivyo alikuwa amelibomoa jibu la udongo kwa mizani, wala si kwa maneno.

Wengine walimalizia kazi yake kidogo kidogo. Mwaka 1771 Joseph Priestley, Mwingereza, alifunika mshumaa unaowaka kwa chombo cha kioo mpaka ukazimika kwa kukosa hewa nzuri. Akaweka humo kijiti cha mnanaa, na baada ya siku kadhaa akaona kwamba mshumaa waweza kuwaka tena katika hewa ile ile. Mmea ulikuwa umeitengeneza. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, Mholanzi, alionyesha kwamba mmea hufanya hivyo penye nuru tu, na kwa sehemu zake za kijani tu. Na mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva, Uswisi, alipima kwa makini akaonyesha kwamba uzito wa mmea hutoka katika hewa ya ukaa pamoja na maji. Tangu pipa la Van Helmont mpaka hapo ilikuwa imepita zaidi ya miaka 150. Basi mtoto asiyeelewa katika kipindi kimoja asipigwe.

Jiko la jani

Sasa tulikuwa tayari kulitazama jani lenyewe. Niliwaambia watoto walifikirie kama jiko la mama, kwa sababu jikoni hakuna mtoto asiyekujua.

Mpishi wa asida anahitaji unga, maji na moto. Jani nalo lina mahitaji matatu. Unga wake ni hewa ya ukaa, ambayo huingia kwa matundu madogo mno, mengi yakiwa upande wa chini wa jani. Maji yake huchotwa na mizizi na kupandishwa kwa mishipa ile unayoiona ukilishika jani dhidi ya jua. Moto wake ni nuru ya jua, nayo hutumia dakika 8 hivi kusafiri kutoka jua mpaka kwetu. Na mpishi ni rangi ya kijani iliyomo ndani ya jani, iitwayo klorofili. Rangi hiyo ndiyo inayoikamata nuru na kuitia kazini.

Kinachopikwa ni sukari. Jani likiwa na sukari nyingi kuliko inayohitajika wakati ule, huiweka akiba kwa namna ya wanga, ndio ule ule uliomo katika muhogo, mtama na mahindi. Masalio ya kazi hiyo ni oksijeni, nayo hutoka kwa matundu yale yale ikaingia katika pua zetu.

Kwa wale wapendao hesabu, mizani yake iko sawa kabisa. Gramu 44 za hewa ya ukaa zikiungana na gramu 18 za maji, hupatikana gramu 30 za sukari na gramu 32 za oksijeni. Jumlisha upande huu, ni 62. Jumlisha upande ule, ni 62. Hakuna kilichopotea, wala hakuna kilichotoka patupu.

Jambo la kustaajabisha ni uchache wa ule unga. Ukichukua sehemu 10,000 za hewa tunayovuta, hewa ya ukaa haipati hata sehemu 5. Kutoka katika uchache huo mwembe wote hujengwa, shina na matawi, na maembe yanayomiminika sokoni kwetu msimu wake ukifika.

Lakini mwalimu akitumia mfano na aseme pia mahali unapokoma. Jiko la mama hula oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, na jiko la jani hufanya kinyume chake. Tena mama hupika kwa kuchoma mti uliokwisha kuwapo, lakini jani huunganisha vitu likaumba chakula ambacho hakikuwapo. Nilipowaambia hivyo, mtoto mmoja akasema, "Basi jiko la nyumbani linakula kazi ya jani." Sikuwa na la kuongeza.

Majaribio mawili

Mtoto huamini zaidi alichokishika mwenyewe. Haya ndiyo majaribio tuliyofanya, nayo hayahitaji maabara.

La kwanza ni la mapovu. Nilichota mtoni majani yaotayo chini ya maji. Nilikwenda mwenyewe, wala sikuwatuma watoto, kwa kuwa mto ni mto. Tukajaza bilauri tatu za kioo maji. Katika ya kwanza tukatia majani, tukaiweka juani. Katika ya pili tukatia majani vile vile, lakini tukaifunika kwa kitambaa cheusi. Katika ya tatu hatukutia jani, tulitia kokoto tu, tukaiweka juani pamoja na ile ya kwanza. Hiyo ya tatu ina maana kubwa. Maji yakipata joto hutoa mapovu machache hata kama hayana kitu, na mtoto mwerevu atasema kwamba mapovu yote ni ya joto. Baada ya nusu saa tukahesabu. Kwenye kokoto palikuwa na mapovu machache yaliyoganda tu. Kwenye majani yaliyofunikwa hapakuwa na la maana. Kwenye majani ya juani mapovu madogo yalikuwa yakipanda moja moja bila kukoma, kama shanga katika uzi. Hiyo ndiyo oksijeni.

La pili ni la wanga, nalo huchukua siku tatu. Tulikuwa tumepanda kunde katika kopo. Tukalifungia kopo hilo ndani ya sanduku lenye giza kwa siku mbili, ili majani yatumie akiba yao yote ya wanga. Siku ya tatu asubuhi tukalitoa. Tukachukua ile karatasi ya fedha iliyomo ndani ya pakiti ya sigara, tukaikata utepe, tukaufunga katikati ya jani moja kama mkanda kiunoni, juu na chini. Tukaliacha kopo juani mpaka alasiri.

Kisha tukalichuma jani lile, tukauondoa utepe, tukalichemsha katika maji kwa dakika moja. Baada ya hapo hutiwa katika spiriti ya moto ili rangi ya kijani itoke. Hapa mwalimu awe macho: spiriti hushika moto upesi, nayo isiwekwe kamwe juu ya jiko. Mimi nilizima moto kabisa, nikakiweka kikombe cha spiriti ndani ya sufuria yenye maji yaliyokwisha kuchemka, na watoto wakasimama mbali. Baada ya dakika chache spiriti ikawa ya kijani na jani likawa jeupe kama karatasi. Tukalisuuza kwa maji ya vuguvugu, tukalitandaza juu ya sahani, tukalidondoshea aidini ya duka la dawa iliyozimuliwa kwa maji.

Kabla ya hapo nilikuwa nimewaonyesha aidini ikidondoshwa juu ya kipande cha asida. Asida iligeuka ikawa na rangi ya buluu nzito karibu na weusi, kwa sababu aidini ikikutana na wanga hufanya hivyo. Sasa walitazama jani. Kichwani na miguuni likawa jeusi kama ile asida. Kiunoni, pale palipofungwa utepe, likabaki na rangi ya aidini tu, ya hudhurungi. Watoto wote wakapiga kelele kwa pamoja. Jua lilipolifikia jani pana chakula, na pale lisipolifikia hapana. Tangu siku ile hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba mti hula udongo.

Maswali ya watoto

Mwalimu akifundisha jambo hili na awe tayari kuulizwa. Haya ndiyo maswali niliyoulizwa, na majibu niliyotoa.

"Majani machanga ya mwembe ni mekundu. Je, hayapiki?" Jani changa la mwembe lina rangi nyekundu iliyotangulia, na klorofili yake bado ni chache. Wakati huo hulishwa na majani wazee, kama mtoto anyonyaye. Likikomaa huwa kijani, likaanza kupika lenyewe na kuwasaidia wengine.

"Mnyaa hauna majani ya kuonekana. Unapika wapi?" Tazama vijiti vyake, ni vya kijani. Kazi ile ile hufanywa na shina. Mahali penye kijani ndipo palipo na jiko.

"Mbolea si chakula cha mmea?" Siyo. Mbolea na samadi ni kama chumvi na vyombo vya jikoni. Mmea usipopata naitrojeni hauwezi kujitengenezea klorofili ya kutosha, na ndiyo maana mahindi ya shamba lililochoka huwa manjano. Jiko lisilo na mpishi halipiki. Lakini hakuna anayeshiba chumvi.

"Bibi amesema tusilale chini ya mti usiku, mti hunyang'anya hewa." Ni kweli kwamba usiku majani hayapiki, kwa kuwa moto wake umezimika. Usiku mmea huvuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, kama sisi. Lakini kiasi chake ni kidogo. Ndugu yako mliyelala naye chumba kimoja hutumia hewa kuliko mche ulio dirishani. Hata hivyo msidharau neno la bibi, kwa kuwa chini ya mti usiku huenda pakawa na nyoka na mbu.

"Jua likiwa kali sana, mti hupika sana?" Hapana, huo moto umezidi. Katika mchana wa kiangazi chetu, majani mengi hufunga matundu yao ili yasipoteze maji. Matundu yakifungwa, hewa ya ukaa haiingii, na upishi hupungua. Baadhi ya mimea ina ufundi wa kuikusanya ile hewa ya ukaa na kuitumia vizuri hata matundu yakiwa wazi kidogo tu. Mimea hiyo ni kama mtama, mahindi na miwa. Ufundi huo ulielezwa mwaka 1966 na Hatch na Slack, wataalamu waliokuwa wakichunguza miwa huko Australia. Lakini wakulima wa nchi za Sudan walikuwa wamekwisha kuuchagua mtama maelfu ya miaka kabla yao, kwa kuona tu kwamba unastahimili jua.

Faida ya somo hili kwetu

Huenda msomaji akasema, "Haya ni mazuri kwa mtihani, lakini yana faida gani nyingine?" Nitataja mbili nilizoziona.

Ya kwanza ni ya bustani. Nyuma ya shule watoto wamepanda kunde na kudra, ule mlenda ambao majani yake huliwa karibu kila nyumba ya Juba. Hapo kwanza kila mtoto aliyetaka mboga alichuma majani yote ya mche, ukabaki kijiti. Mche huo haukuzaa kunde, na mwingine ulikufa. Baada ya jaribio la utepe, wao wenyewe walitunga sheria ya kuchuma majani machache kwa kila mche na kuyaacha mengine yapike. Sikuwaagiza. Ukishajua kwamba jani ni jiko, huwezi kuvunja majiko yote ya nyumba kisha ukangoja chakula.

Ya pili ni ya miti. Uani mwa shule hiyo ilikuwapo miarobaini miwili mikubwa. Katika mkutano wa wazazi lilitolewa shauri kwamba yote miwili ikatwe ikachomwe mkaa, na fedha zinunue mabati ya darasa moja. Shauri hilo halikuwa la kijinga. Mabati ni ghali, mkaa una soko, na mzazi ambaye mtoto wake hunyeshewa na mvua darasani hawezi kulaumiwa. Baba mdogo aliomba watoto watatu waruhusiwe kusema. Wakaja na lile kopo la maziwa lenye majivu kitakoni.

Yule msichana aliyesema "Ulikuwa hewa?" ndiye aliyeeleza. Aliwaambia wazee kwa heshima kwamba mti umejengwa kwa hewa na maji miaka mingi, jani kwa jani. Na mkaa wake utakwisha katika majiko kwa siku chache, ukabaki mfano wa majivu haya. Akakumbusha pia habari ya joto. Machi 2024, na tena Februari 2025, Serikali ilizifunga shule kwa muda kwa sababu ya joto kali, na hapa Juba mwaka huo wa pili wanafunzi walizimia madarasani. Chini ya mabati mchana huwezi kukaa. Chini ya mti unaweza, kwa maana majani hayazuii jua tu, bali hutoa mvuke wa maji, na maji yakigeuka mvuke huchukua joto pamoja nayo. Ndivyo mtungi wa udongo unavyoyapoza maji yake.

Wazee walizungumza muda mrefu. Mwishowe mti mmoja, uliokuwa umeinamia paa la ofisi, ulikatwa na mkaa wake ukauzwa. Mabati yaliyopatikana hayakutosha darasa zima, yamefunika nusu. Mti wa pili umebaki, na darasa la tano husoma chini yake saa za joto. Ulipokatwa ule wa kwanza, ilipandwa michongoma kuzunguka ua na miche mitatu ya maembe, nayo huchungwa kwa zamu ili mbuzi wasiile. Sitasema kwamba ni kopo la majivu lililoamua. Wazee walikuwa na sababu zao pia. Lakini nilimsikia mzee mmoja akitoka mkutanoni akimwambia mwenzake, "Kumbe mti haukuwa ukila udongo wetu. Ulikuwa ukila hewa bure, na sisi tunakula kwake."

Ndugu zangu wanafunzi wa sekondari, wengi wetu tutakuwa walimu, na hata asiyekuwa mwalimu ana wadogo nyumbani wanaomwuliza maswali. Tusiwape jina la Kiingereza au la Kiswahili sanifu na kuwaacha nalo mkononi kama ufunguo usio na mlango. Tuwape kwanza majivu, bilauri ya maji na jani lenye utepe. Jina litakuja baadaye na litakaa.

Atakayejaribu la kunde na ajaribu pia kwa majani ya muhogo na ya maboga, aone ni lipi linalotoa weusi upesi zaidi. Kisha auandikie ukurasa huu, nasi wengine tujifunze.